Mgongo wa juu unaouma kwa kukaa: mikono ya tabibu inafanya nini hasa?

Maumivu ya mgongo wa juu yana mahali pake panapojulikana. Mwenye nayo hupitisha mkono juu ya bega, vidole vikapapasa kati ya uti wa mgongo na bapa la bega, kisha akasema, "Hapa, hapa hapa." Mara nyingi ni upande mmoja, na mara nyingi ni ule wa mkono unaoshika kipanya cha kompyuta. Asubuhi hakuna kitu. Kufika saa nane mchana panawaka. Akijinyoosha panalegea kidogo, akirudi kitini panaanza upya.

Mtu wa namna hiyo akishachoka na dawa za maumivu huishia kwa mmoja kati ya wawili: tabibu wa kairopraktiki, atakayemlaza kifudifudi na kumsukuma mgongo mpaka ualike, au mtaalamu wa kuchua misuli, atakayembonyeza palepale panapouma mpaka machozi yamlengelenge. Siku hizi wengi hupata huduma zote mbili kwenye kitanda kimoja, na wengi hutoka hapo wakisema wamepata nafuu. Hiyo nafuu sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni maelezo yanayoambatana nayo: eti pingili ya uti wa mgongo ilikuwa imehama ikarudishwa, eti mkao mbaya umeupinda uti, eti mafundo ya misuli yamepasuliwa na sumu zikatoka. Maelezo hayo kwa sehemu kubwa hayana msingi, na anayeyaamini hubaki akidhani mwili wake ni kitu kinachovunjika ovyo na kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kuutengeneza.

Kuna nini mahali hapo

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 7 shingoni, 12 kifuani na 5 kiunoni, kabla ya kufika kwenye mifupa iliyoungana ya chini. Hizo 12 za kifuani ndizo zinazobeba mgongo wa juu na wa kati, na zinatofautiana na nyingine kwa jambo moja kubwa: kila moja imeshikana na jozi ya mbavu. Kwa hiyo katika kila ngazi kuna viungo vidogo vya kuunganisha pingili na pingili, halafu kuna vile vya kuunganisha pingili na ubavu, vyote vikiwa na utando, majimaji ya kulainisha na neva zinazoweza kupeleka habari za maumivu. Kizimba cha mbavu kinaifanya sehemu hii kuwa imara na isiyopinda kwa urahisi. Ndiyo sababu diski (mto laini ulio kati ya pingili na pingili) kuchomoza na kubana neva, jambo linalosikika sana kiunoni na shingoni, ni nadra kuleta dalili hapa katikati.

Juu ya mifupa zipo tabaka za misuli. Wa nje kabisa ni trapezi, msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukashuka hadi chini ya katikati ya mgongo na kutanda mpaka begani. Chini yake kuna misuli ya romboidi, inayovuta bapa la bega kuelekea kwenye uti. Upo na msuli mwingine mwembamba, unaotoka kwenye pingili nne za juu za shingo na kuja kujishikiza kwenye kona ya juu ya bapa la bega, upande wa ndani. Kona hiyo ndiyo ambayo watu wengi huigusa wanapoonyesha panapouma.

Bapa la bega lenyewe halina kiungo cha mfupa na mbavu. Limelala juu ya misuli, na mfupa pekee unaoliunganisha na kiwiliwili ni mtulinga, kule mbele. Uzito wote wa mkono, basi, unaning'inia kwenye misuli ya shingo na mgongo wa juu. Mkono unaoelea mbele ya meza bila kuegemezwa popote unaipa misuli hiyo kazi kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama kinachofanyika ni kusogeza kidole tu.

Na si kila maumivu ya hapo yametoka hapo. Mwaka 1959 daktari wa upasuaji Ralph Cloward wa Marekani alionyesha kwamba ukizichokoza diski za shingo, mgonjwa anaweza kusikia maumivu pembeni mwa bapa la bega, mbali kabisa na shingo yenyewe. Tabibu anayeshughulikia panapouma tu bila kuipima shingo amefanya nusu ya kazi.

Je, mkao ndio mkosaji?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani alichapisha hesabu zilizosema kwamba mtu akiinamisha kichwa kwa nyuzi 60, kama afanyavyo anapotazama simu mapajani, shingo inabeba mzigo unaolingana na kilo 27. Mchoro wa hesabu hizo umezunguka dunia nzima, na umebandikwa kwenye kuta za kliniki nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba zilikuwa hesabu za kompyuta. Hakuna mtu aliyepimwa maumivu yake pale, wala haikuonyeshwa kwamba mzigo huo unadhuru. Misuli na mifupa hubeba mizigo mikubwa kuliko huo kila siku na kuimarika kwayo.

Waliopima watu halisi walikuta picha isiyonyooka hivyo. Australia, vijana zaidi ya 1,000 wa miaka 17 walipigwa picha wakiwa wamekaa, wakagawanywa makundi kulingana na jinsi walivyoweka shingo na kifua, kisha wakaulizwa kuhusu maumivu ya shingo. Waliojikunyata hawakuwa na maumivu zaidi ya waliokaa wima. Kwa watu wazima uhusiano kidogo upo: wenye maumivu ya shingo kwa wastani hutanguliza kichwa mbele zaidi. Lakini hapo hujui kipi kilitangulia, kwa sababu mtu anayeumwa naye hubadilisha mkao ili apate ahueni.

Daktari wa neva wa Prague, Jamhuri ya Czech, Vladimir Janda, aliacha mchoro ambao karibu kila mwanafunzi wa tiba ya mikono huufundishwa: misuli ya kifua na ya nyuma ya shingo imekaza, ile ya mbele ya shingo na ya kati ya mabapa ya mabega imelegea, na matokeo yake ni kichwa kilichotangulia na mabega yaliyojikunja. Ni ramani inayosaidia kumchunguza mtu. Shida huja pale ramani inapogeuzwa sheria, kila mwenye mabega ya mviringo akaambiwa ni mgonjwa. Wapo wenye mabega ya namna hiyo tangu utotoni ambao hawajawahi kuumwa mgongo hata siku moja, na wapo wanaokaa wima kama askari wa gwaride huku wakihangaika na maumivu yasiyowaachia.

Kama mkao wenyewe si mkosaji mkuu, kwa nini kukaa kunauma? Maelezo ninayoyaona yana uzito yanahusu muda kuliko umbo. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa nadharia aliyoipa jina la Cinderella, yule binti wa hadithi anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Msuli ukifanya kazi ndogo, hutumia kwanza nyuzi zake ndogo kabisa. Kazi ikiongezeka, nyuzi kubwa huingia, ikipungua, hutoka. Zile ndogo hubaki kazini muda wote, hadi msuli mzima ulegezwe. Anayebeba magunia huinua, huweka chini, hupumua. Anayeandika kwenye kompyuta hainui kitu cha maana, lakini nyuzi zile zile za trapezi yake hazipati pumziko tangu asubuhi. Ongeza msongo wa mawazo, ambao peke yake huufanya msuli huo ukaze bila mwenyewe kujua, na usingizi mbovu, ambao hushusha uwezo wa mwili kuvumilia maumivu, na utaona kwa nini wiki ya mwisho wa mwezi ofisini huja na mgongo unaouma ingawa kiti ni kile kile.

Viungo navyo hulalamika vikikaa mahali pamoja muda mrefu. Tishu zinazoshikilia pingili zikivutwa kwa dakika ishirini bila kubadilishwa hurefuka kidogo na kuchelewa kurudi. Kwa kawaida hilo halina madhara, ila linatosha kuzifanya neva zianze kupeleka ujumbe kwamba imefika saa ya kusogea.

Kairopraktiki ilivyoanza

Kairopraktiki ina tarehe na mahali pa kuzaliwa: Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, Septemba 1895. Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa mikono, kwa kile kilichoitwa nguvu ya sumaku ya mwili, alimsukuma mgongo mfanya usafi aitwaye Harvey Lillard, aliyekuwa na shida ya kusikia, na akadai kwamba usikivu wake ulirudi. Kisa hicho kina tatizo ambalo kila anayejua mwili hulitambua haraka: neva ya kusikia hutoka kwenye ubongo moja kwa moja hadi sikioni, haipiti mgongoni. Palmer hakusitasita. Alifungua shule mwaka 1897 na kufundisha kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama na kubana neva.

Madaktari wa Marekani waliipinga fani hiyo kwa miongo mingi, hadi kuwakataza wenzao kushirikiana na matabibu hao. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1976 iliisha 1987 kwa mahakama kuamua kwamba chama cha madaktari kilivunja sheria za ushindani. Ushindi huo ulikuwa wa haki ya kufanya kazi. Nadharia ya Palmer haikuthibitishwa na hakimu yeyote.

Leo fani imegawanyika, na mgonjwa anapaswa kulijua hilo kabla hajapanda kitandani. Wapo matabibu wanaofanya kazi karibu sawa na wataalamu wa fiziotherapia: wanachunguza misuli na viungo, wanasukuma, wanachua, wanatoa mazoezi, na hawagusi magonjwa yasiyowahusu. Wapo wengine wanaoendelea kuuza pingili zilizohama kama chanzo cha pumu, kisukari na watoto kulialia. Mwaka 2010 baraza linalosimamia fani hii nchini Uingereza lilitamka kwamba dhana hiyo ya pingili ni ya kihistoria, na haina ushahidi wa kuonyesha kwamba inasababisha magonjwa. Tamko hilo limetoka ndani ya nyumba yenyewe.

Kitandani

Kitanda cha kairopraktiki kina tundu la kuingizia uso. Umelala kifudifudi, mikono inaning'inia pembeni. Tabibu anapitisha vidole pande zote mbili za uti, ngazi kwa ngazi, akisukuma kidogo na kusikiliza ni wapi pagumu na ni wapi unashtuka. Akipata mahali, anaweka sehemu ngumu za chini ya viganja vyake, kila kimoja upande wake wa pingili, mikono imepishana. Anakuambia uvute pumzi, kisha uitoe taratibu. Wakati kifua kinashuka naye anashuka nacho, akiumaliza ule ulegevu wa ngozi na misuli hadi kiungo kifike mwisho wa mwendo wake wa kawaida. Hapo anasukuma mara moja, kwa kasi, umbali mdogo sana. Msukumo wote huisha chini ya robo sekunde. *Kwa, kwa, kwa*: mgongo unaalika.

Mlio ule ndio unaowavutia watu, na ndio ambao umeeleweka vibaya kuliko kitu kingine chochote katika tiba hii. Hakuna mfupa uliosugua mfupa. Ndani ya kiungo kuna majimaji yenye gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Mwaka 1971 watafiti wa Uingereza walisema mlio unatokana na kiputo kupasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha mfululizo, wakaona kwamba mlio unatokea uwazi unapotokea, na uwazi huo ukabaki hapo baadaye. Wanahisabati wameurudisha mjadala tena, na haujafungwa. Kwa mgonjwa inatosha kujua kwamba ni jambo la gesi, lile lile la kualisha vidole, na kwamba kiungo kikishaalika huhitaji kama dakika ishirini kabla hakijaweza kualika tena. (Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa miaka zaidi ya sitini ili aone kama atapata baridi yabisi. Mikono yote miwili ilibaki sawa, naye akapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti wa kuchekesha, mwaka 2009.)

Sasa, tabibu akisema "nimekurekebisha pingili ya nne", je, ni kweli aliigusa ya nne? Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walibandika vifaa vya kunasa mtetemo mgongoni na kupima milio ilitoka wapi. Kwenye mgongo wa kifua, mlio kwa wastani ulitoka sentimita 3.5 kutoka kwenye kiungo kilicholengwa, na mara nyingi viungo kadhaa vilialika kwa mpigo. Na waliosukumwa walikuwa mikononi mwa matabibu wenye uzoefu.

Kuhusu mfupa kurudi mahali pake, kipimo kizuri ninachokijua ni cha Sweden, mwaka 1998, ingawa kilihusu kiungo cha nyonga na uti, si kifua. Watafiti walitumia picha za eksirei za usahihi wa hali ya juu kabla na baada ya kusukuma. Vipimo vya mkono vya tabibu vilibadilika, kiungo "kikawa sawa" kwa vidole vyake. Picha zilionyesha kwamba mifupa haikusogea.

Basi nini kimebadilika? Msukumo wa ghafla unarusha wimbi la taarifa kutoka kwenye viungo, misuli na ngozi kwenda kwenye uti na ubongo. Misuli iliyokuwa imejikaza kulinda hulegea, kizingiti cha maumivu hupanda kwa muda, na mtu hugeuka kwa uhuru zaidi. Matarajio yake mwenyewe nayo yamo, pamoja na mlio ule unaosikika kama kazi iliyofanyika, na mikono ya mtu anayejiamini. Hayo yote ni halisi na yanapimika. Yanakaa saa kadhaa, pengine siku kadhaa, halafu yanafifia.

Kuchua tishu laini

Upande wa misuli una majina mengi kuliko tofauti. Kuna kuchua kwa mafuta kwa mikono mizima. Kuna kubonyeza kinundu kimoja (pale pagumu panapouma kwenye msuli) kwa kidole gumba na kukishikilia. Kuna kushika msuli huku mgonjwa akiunyoosha mwenyewe. Kuna kukwangua kwa kifaa cha chuma chenye ukingo laini, kuna vikombe vya kuvuta ngozi, na kuna sindano kavu zinazochomwa ndani ya kinundu bila dawa yoyote. Matabibu wa kairopraktiki wengi huanza na hizi ili kulegeza kabla ya kusukuma, na kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo inayobeba nusu ya sifa ambazo mlio huchukua peke yake.

Vinundu vilipata umaarufu kupitia kwa Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, mtu aliyesumbuliwa na mgongo karibu maisha yake yote. Travell alichora ramani za mahali ambapo kubonyeza msuli mmoja huleta maumivu sehemu nyingine: bonyeza juu ya bega, mtu anasikia pembeni mwa kichwa. Ramani hizo zinafanana na yale wagonjwa wanayoyasema. Lakini wachunguzi wawili wakipewa mgongo mmoja, kila mtu kivyake, hawakubaliani sana kinundu kiko wapi. Pa kuuma papo. Kama ndani yake kuna fundo la nyuzi za misuli, au ni mahali ambapo mfumo wa neva umekuwa mwepesi wa kushtuka, wataalamu hawajaafikiana.

Unapobonyezwa, angalia kinachotokea. Sekunde za kwanza ni kali, unataka kuruka. Tabibu mzuri hapandishi nguvu. Anasubiri palepale, akikuuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Baada ya nusu dakika au dakika nzima, saba imekuwa nne, na kidole hakijasogea wala kupunguza nguvu. Nyuzi za misuli hazijengwi upya kwa dakika moja. Kilicholegea ni mwitikio wa neva.

Vivyo hivyo kwa fashia, ule utando mweupe unaofunika na kutenganisha misuli. Mara nyingi husemwa kwamba umeganda na mikono inauachanisha. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 kuhusu fashia nene za paja na unyayo zilionyesha kwamba nguvu inayohitajika kuzibadilisha umbo hata kidogo ni kubwa kuliko mikono ya binadamu inavyoweza kutoa. Na alama nyekundu baada ya kukwanguliwa au kuwekewa vikombe ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka chini ya ngozi. Hazina sumu yoyote ndani yake. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo.

Jambo moja husahaulika na wanaochua mgongo tu: kifua. Kuna msuli mdogo unaotoka kwenye mbavu ya tatu hadi ya tano na kuishia kwenye ncha ya bapa la bega iliyojitokeza mbele. Kwa mtu anayefanya kazi mikono ikiwa mbele siku nzima, kuubonyeza huo chini ya mtulinga humshangaza: hakujua kwamba pale nako panauma, na akinyanyuka bega linarudi nyuma lenyewe.

Ushahidi na hatari

Tafiti nyingi za kusukuma mgongo zimefanyika kwenye kiuno. Huko matokeo ni ya wastani, kiasi kwamba mwaka 2017 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kiliiweka tiba hiyo pamoja na kuchua na mazoezi katika njia za kujaribu kabla ya dawa. Kwa mgongo wa juu pekee tafiti ni chache. Kilichochunguzwa zaidi ni kusukuma mgongo wa kifua kwa ajili ya maumivu ya shingo, na hapo nafuu ya muda mfupi huonekana. Kuchua nako huleta nafuu ya muda mfupi. Vyote viwili vikiambatana na mazoezi hufanya vizuri kuliko vikiachwa peke yake. Na tusisahau kwamba maumivu mengi ya namna hii hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, jambo linalomfanya kila tabibu aonekane hodari.

Madhara ya kawaida ni maumivu ya misuli, uchovu au kichwa kuuma kidogo siku inayofuata. Karibu nusu ya wanaosukumwa hupata kitu cha namna hiyo, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Makubwa ni nadra. Mwenye mifupa iliyopungua uimara, kwa umri au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu, anaweza kuvunjika ubavu. Sindano kavu ikichomwa vibaya juu ya kifua inaweza kutoboa utando wa pafu. Kusukuma shingo kwa kuizungusha kwa kasi kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu unaopeleka damu kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Hilo hutokea kwa nadra sana, na wataalamu wanabishana kama msukumo ndio chanzo au mgonjwa alikuja tayari akiwa na mchaniko unaomuuma shingo. Binafsi naona mtu aliyekwenda kwa ajili ya maumivu ya kati ya mabega ana haki kamili ya kusema: shingo yangu usiizungushe. Tabibu anayejua kazi ana njia nyingine kumi.

Yapo maumivu ya mgongo wa juu ambayo hayapaswi kufika kwenye kitanda hicho kabisa. Yanayokuja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, au yanayokuja ghafla kama kitu kimepasuka kati ya mabapa ya mabega, ni ya hospitali sasa hivi, kwa sababu moyo na mshipa mkuu wa damu vinaweza kuuma mgongoni. Miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, ni vivyo hivyo. Maumivu yasiyobadilika kwa kusogea wala kupumzika, yanayoamsha usiku, yakiwa na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, yanahitaji vipimo: kifua kikuu cha mifupa na saratani hupenda pingili za sehemu hii. Upande wa kulia chini ya bapa la bega baada ya kula vyakula vya mafuta, fikiria kibofu cha nyongo. Maumivu ya moto yanayozunguka kama mkanda upande mmoja yanaweza kuwa mkanda wa jeshi kabla vipele havijatoka.

Baada ya kushuka kitandani

Kama tiba ya mikono inakupa saa au siku chache za nafuu, thamani yake iko katika unachofanya ndani ya muda huo. Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika uwanja huu ulifanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2011. Wafanyakazi wa ofisini 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega waligawanywa makundi matatu: kundi moja lilifanya mazoezi ya mpira wa kuvuta dakika 2 kwa siku, la pili dakika 12, la tatu lilipewa taarifa za afya tu. Siku tano kwa wiki, wiki kumi. Makundi yote mawili ya mazoezi yalipata nafuu ya maana, na wa dakika 2 hawakuachwa mbali na wa dakika 12.

Zoezi lenyewe halina siri. Unakanyaga katikati ya mpira, unashika ncha mbili, viwiko vimelegea kidogo, unainua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, hadi usawa wa mabega, kisha unashusha polepole. Unarudia mpaka misuli ikatae au dakika mbili ziishe. Ukiona dakika mbili zinapita bila shida, unachukua mpira mgumu zaidi. Misuli ile ile iliyokuwa ikishikilia kazi ndogo siku nzima inapata kazi kubwa ya muda mfupi, halafu inapumzika kabisa.

Kazini, egemeza mikono: kiti chenye mahali pa kuwekea viwiko, au meza inayobeba nusu ya kigasha. Kibodi na kipanya vikae karibu, skrini ipande hadi usawa wa macho. Na kabla nusu saa haijapita, badilisha chochote, hata kwa kujikunyata upande mwingine, maana mkao "sahihi" ukishikiliwa saa tatu nao huuma.

Kuhusu idadi ya ziara, majaribio manne hadi sita ndani ya wiki tatu hivi yanatosha kuonyesha kama njia hii inakufaa. Anayekupiga eksirei ya uti mzima siku ya kwanza bila dalili ya hatari, akakuchorea mistari myekundu na kukuuzia kifurushi cha mwaka mzima, anafanya biashara. Mwingine atakupima kabla ya kuanza: geuza shingo hadi wapi, inua mkono hadi wapi, ukikaa saa moja maumivu ni mangapi kati ya kumi. Ataandika. Ziara ya tatu au ya nne atakupima tena mbele yako, na kama namba hazijasogea atakuambia wazi na kukuelekeza kwa mtu mwingine.